Kidonge cha Mwisho Alimeza Lini?

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi sana. Natumaini u mzima na baridi ya huko haijakumaliza. Sisi huku tuko salama, ukiacha magoti ya mama na roho yangu.

Ya roho yangu nitakueleza kwa barua, maana kwenye simu dakika mbili hazipiti mmoja wetu hajamkatia mwenzake. Na mama naye unamjua. Miaka thelathini na moja ya kugonga mihuri posta haijamtoka. Kwake habari isiyokuja ndani ya bahasha ni uvumi tu.

Sasa sikiliza. Pale wodini kwetu, kwa wagonjwa wa kiharusi, tunayo ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani. Ikiwahi, mtu aliyeletwa hasemi anaondoka anaongea. Lakini ina ubaya wake: ikimkuta mgonjwa asiyefaa, damu inavuja kwenye ubongo, na hapo hakuna anayekushukuru. Mwaka juzi walituvujia wengi mno. Mimi nikakaa nikaandika orodha. Uzito usikisiwe kwa macho, mgonjwa apimwe kwenye mizani. Presha ishushwe kwanza ndipo dawa iingie, kisha ipimwe kila robo saa. Na ndugu waulizwe: dawa ya kuzuia damu kuganda, kidonge cha mwisho alimeza lini? Wakishajibu, waulizwe tena: unajuaje? Hilo la pili ndilo langu hasa, maana ndugu wakiwa na hofu husema wanachotaka kiwe kweli. Toka tuanze, miezi minane, amevuja mtu mmoja tu! Daktari mkuu aliisoma orodha mbele ya wodi nzima, Metroni akaibandika ukutani. Siku hizi wananiita Saa, kwa sababu ya zile robo saa zangu.

Nikarudi nyumbani mbio kama mtoto aliyefaulu mtihani. Nikamsimulia mama yote, mpaka makofi. Akasema, "Vizuri. Umwandikie Daktari wangu, atafurahi." Daktari wake ni wewe. Wewe unayeuza dawa kaunta! Siidharau kazi yako, lakini mimi nina miaka ishirini na mbili wodini na hajaniita hata nesi wake.

Haikuishia hapo. Vidonge vyake vya moyo unavyomtumia, vile vya kuzuia damu kuganda, vilikuwa vinaelekea kwisha, nikamnunulia hapahapa. Jina lilelile, nguvu ileile, hata kiwanda kilekile. Akaligeuza boksi, akauliza, "Hizi ni za mwanangu?" Nikamuuliza, "Mama, na mimi ni nani?" Akajibu, "Wewe ni wewe." Basi ndivyo ilivyo. Wewe ndiye mwanawe, mimi ni mimi.

Usiseme nina wivu. Ninao, najua, hakuna haja ya kuambiwa.

Dada yako

*

1 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama naye shikamoo yake mpelekee, na magoti yake yape pole. Mimi mzima. Baridi ipo, nimeizoea kwa kuitukana kila asubuhi.

Barua yako imenichekesha mpaka mteja akanikodolea macho. "Wewe ni wewe"! Mama huyu jamani. Lakini hongera sana kwa orodha yako. Nimesoma hiyo sehemu mara mbili na nimemsomea bosi wangu, kasema una akili.

Kifurushi cha dawa kinakuja. Humo kuna vidonge vya miezi mitatu na kikaratasi changu cha kumsalimia mama. Mpe asubuhi kimoja na jioni kimoja, asiruke. Akisahau cha asubuhi usimpe viwili jioni. Na umwangalie fizi, zikitoka damu umpeleke kwa daktari wa moyo.

Najua, najua. Namfundisha nesi wa miaka ishirini na mbili kazi yake. Nisamehe, ndiyo sehemu pekee niliyobakiwa nayo.

Maana na wewe Dada hujioni. Unalalamika, na asubuhi ni wewe unayemfunga vifungo vya blauzi. Unajua leo amevaa nini. Mimi nina picha ya mwaka juzi, na kidole cha mtu kimeziba nusu ya uso wake. Nikipiga simu ananiambia dada yako kasema hivi, dada yako kanunua vile, dada yako anakohoa. Nikikata simu najiuliza kama alikumbuka kuniuliza habari zangu. Kwa hiyo vidonge hivi niachie mimi. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, mara mbili kwa siku ananitaja. Usininyang'anye.

Mdogo wako

*

25 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini hujambo. Mama hajambo, mimi sijambo.

Kifurushi bado hakijafika. Posta siku hizi si ile ya mama. Dawa za zamani zimekwisha lakini usihangaike, zile nilizonunua hapa zipo mezani na maji yapo.

Sina mengi, zamu zimenibana.

Dada yako

*

1 Aprili, ujumbe wa simu

Mama amepata kiharusi leo asubuhi. Tuliwahi. Amepewa dawa ya kuyeyusha. Imetokea shida kidogo, tunahangaika nayo. Usipige simu wodini, hatuwezi kupokea. Nitakuandikia. Dada

*

8 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Anakula? Ameongea? "Shida kidogo" ni shida gani? Wewe ni mtu wa wodini, ukiandika shida kidogo mimi huku naisoma kubwa.

Sili vizuri na sifanyi kazi ya maana. Jana nimempa mzee mmoja dawa ya mtu mwingine, bahati nzuri alisoma boksi kabla hajaondoka. Bosi kaniweka nyuma nipange rafu tu.

Nina jambo la kukwambia na usinikatishe. Kifurushi kilichelewa kwa sababu yangu. Ile barua yako ilinichekesha, ni kweli, lakini jioni yake ikaanza kunichoma. Nikajisemea, kumbe huko mama analetewa boksi jingine, dada anataka hata hiki kidogo kiwe chake. Nikanuna. Nikakiacha kifurushi juu ya friji siku tisa nzima, kimefungwa, kina stempu, nakipita nakitazama. Siku tisa, Dada! Kingetoka siku ile kingefika kabla za zamani hazijaisha. Mama hana dawa kwa kununa kwangu, damu yake ikaganda, ikampanda kichwani. Mimi ndiye niliyemfanya hivi. Wivu wa kijinga tu, wa kugombania kidonge.

Ruhusa nimeomba, wamekataa mpaka Agosti, mwenzangu wa kaunta amejifungua na hakuna mwingine. Mwombee mama anisamehe. Mwambie ukweli, ni mimi. Siwezi kumwambia mwenyewe kwa simu, nitalia tu.

Nijibu upesi.

Mdogo wako

*

29 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Mama yuko nyumbani toka tarehe kumi na nane. Anakula kwa mkono wa kushoto. Anaongea polepole, neno moja anatafuta, anapata, anaendelea. Kwenye simu ulimi unamganda kabisa na analia, kwa hiyo simu hataki kuiona. Uso umerudi vizuri.

Barua yako imenikaa mfukoni mwa sare wiki nzima. Nitakwambia kitu kibaya nilichowaza nilipoimaliza mara ya kwanza. Niliwaza: mwache ajue hivyo. Mwache aamini ni yeye. Hakuna ambaye angenisuta mbele yako, na kwa mara ya kwanza mwana mwema angekuwa mimi. Nilikaa na wazo hilo siku tatu na halikunichukiza.

Si wewe. Kifurushi kilifika tarehe ishirini Machi, siku moja kabla za zamani hazijaisha. Nilikipokea mimi. Nikakiweka kabatini kwangu, chini ya mashuka, na wewe nikakuandikia kwamba bado.

Sikutaka mama akose dawa. Hata kidogo. Nilitaka ameze zangu. Ni dawa ileile! Nilijua akikosa zako siku moja, mbili, atasema haya lete hizo zako, nami nitampa na maji, basi, nimeshinda. Nikaziweka mezani asubuhi. Akasema, "Nitangoja za mwanangu." Jioni nikaziweka tena. Akasema, "Zitafika tu, mimi posta naijua." Nikakasirika. Nikasema kesho nitamtolea. Kesho yake akaniuliza umeandika nini, hata nywele zangu hakuzisifu, nilikuwa nimesuka, nikasema kesho. Nesi mzima, miaka ishirini na mbili! Nilijua kila siku inayopita damu yake inazidi kuwa hatarini, nikawa nagombana na mtu wa miaka sabini na nne kuhusu boksi. Ziliisha siku kumi na moja.

Asubuhi ile nilikuwa nimevaa sare naelekea zamu. Mama anamimina chai, kikombe kikaanguka, nikageuka nikaona mdomo umekwenda upande. Mkono wa kulia umelegea, maneno hakuna. Ilikuwa saa moja na nusu. Kabla ya saa mbili na nusu tulikuwa wodini kwangu. Picha ya kichwa: hakuna damu iliyovuja, ni mshipa umezibwa. Mizani: kilo sitini na mbili. Presha sawa, sukari sawa. Dawa imeshaandaliwa pembeni, bado swali moja tu. Aliyeliuliza ni nesi niliyemfundisha mimi. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Saa, kidonge cha mwisho alimeza lini?"

Hapo ndipo nilipojua nimejipeleka wapi. Nikisema kameza asubuhi, aibu yangu imefichika na mama hapewi dawa, maana hizo mbili zikikutana damu huvuja, anabaki vile alivyo. Nikisema sijui, ni hivyohivyo. Ili apewe ni lazima niseme ukweli. Nikasema, "Siku kumi na moja zilizopita." Yule binti akaniuliza kama nilivyomfundisha: "Unajuaje?"

Daktari yupo, Metroni yupo. Nikasema, "Najua kwa sababu dawa zake nimezificha mimi."

Daktari akauliza tu, "Hawezi kuwa amezipata kwingine? Una uhakika?" Nikamwambia nina uhakika asilimia mia, kifurushi kiko chini ya mashuka yangu na utepe haujaguswa, jana nimeuona kwa macho yangu. Mama alikuwa amenishika mkono wa sare kwa ule mkono wake mzima, anatikisa kichwa, anatikisa kichwa. Nikamwambia, "Usiogope mama, ni sindano tu."

Dawa ikaanza kuingia. Robo saa ya kwanza vizuri. Ya pili, vidole vya kulia vikaanza kucheza, nikalia kwa furaha. Ya tatu presha ikaruka mia na tisini na nane, akashika kichwa, akatapika. Nikaifunga dripu kwa mkono wangu kabla daktari hajageuka. Picha ya pili ikaonyesha damu. Kidogo, walisema, na ingekuwa nyingi kama dripu ingeendelea ile robo iliyobaki. Wakampa dawa ya kuirudisha damu igande. Akalala siku mbili hajitambui na mimi nikiwa chini ya kitanda kama mbwa.

Bado sijafika mwisho, vumilia.

Wazo lile liliponitoka nilikwenda kabatini kukitoa kile kifurushi nikutumie picha yake, ujue mwenye kosa. Utepe wa juu mzima kabisa. Nikakigeuza. Kwa chini kilikuwa kimepasuliwa kwa wembe, mstari mmoja ulionyooka, kikabandikwa tena kwa gundi vizuri mno. Nani anajua kufungua kifurushi hivyo katika nyumba hii? Ndani vidonge vitatu havipo.

Nikakiweka mapajani kwake. Nikauliza, "Mama, cha mwisho ulimeza lini?" Akasema, "Asubuhi... ile." Alikiona siku ya pili tu, alipokwenda kutafuta shuka. Alikifungua asome kikaratasi chako. Halafu akawa anameza kimoja siku akikukumbuka sana. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alitafuta maneno mpaka jasho likamtoka. Akasema, "Sikutaka... ujue... nimekujua."

Kwa hiyo mdogo wangu, mimi niliyeandika lile swali ukutani ndiye niliyelijibu uongo, na nililijibu kwa ukweli wangu wote. Alikuwa anatikisa kichwa ananikataza. Wodini nimewaeleza yote. Daktari anasema huenda angevuja hata bila kile kidonge, presha ilipanda mno, hakuna anayeweza kuapa. Hilo halinisaidii. Metroni amenipa onyo la maandishi, halafu ameongeza mstari kwenye orodha kwa kalamu nyekundu: "Ndugu akisema ana uhakika, pima damu, hata ndugu akiwa mmoja wetu." Ni mstari mzuri. Laiti ningeuandika mimi mapema.

Unataka kujua kinachoniuma zaidi? Niseme tu, nimeshavua nguo. Zangu zilikuwa mezani na maji pembeni. Za kwako aliziiba.

Rudi kaunta ufanye kazi yako. Hukumfanyia mama kitu. Siku zako tisa juu ya friji ni utoto, zangu kumi na moja zina jina jingine. Niandikie utakavyo, nitukane, ila niandikie.

Dada yako

*

20 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini u mzima. Wiki ya nane hii na hujajibu. Nimeuliza posta mara nne, karani wa pale akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Kwa hiyo ni wewe, si posta.

Mama anaendelea. Anatembea mpaka mlangoni na kurudi. Picha ya mwezi huu ilikuwa safi, daktari wa moyo ameruhusu aanze tena vidonge. Nampa asubuhi na jioni, za kwako, kutoka kifurushi kilekile, na namwambia hizi ni za mwanao. Namngoja mpaka ameze.

Kuna jambo nimelifanya na ni lazima ulijue, maana nimetumia jina lako.

Kila Jumamosi mama anauliza, "Barua?" Jumamosi mbili nikasema bado. Ya tatu alikaa kwenye kiti cha dirishani mpaka jua likazama, hakula. Mimi nikaingia chumbani nikaandika. Nikatoka nikasema, "Hii hapa, imefika," nikamsomea. Macho yake hayaoni maandishi vizuri siku hizi, nikajua hatatambua.

Ya kwanza ilikuwa fupi. Shikamoo mama, mimi mzima, baridi kali. Akasema, "Soma... tena." Hebu fikiria nilivyojisikia. Miaka yote namsimulia habari za kweli anasinzia, leo namsomea uongo anasema soma tena! Nikamsomea, nikakuonea wivu kwa barua niliyoiandika mwenyewe. Uliwahi kusikia wazimu huo?

Ya pili nikaongeza. Nikamwambia habari za mteja anayekuja kila Jumatatu kununua dawa ya kikohozi na hakohoi, anataka tu wa kuongea naye. Nikamwambia unavyotembea kwenda kazini umejifunika mpaka pua, unavyopita nyuma ya posta ya huko ukasikia mihuri ikigongwa, ukasimama ukasikiliza. Sijui kama huko posta ipo karibu na kwako. Mama alifumba macho. Zimefika sita sasa. Katika ya tano nikajisalimia. Nikaandika, "Mwambie dada nimemkumbuka." Nilitamani mtu aniambie, nikajiandikia.

Jumamosi iliyopita nimemaliza ya sita, mama akanyoosha ule mkono wa kulia, ambao bado haujakaa sawa, akasema, "Bahasha." Nikasema bahasha nimeitupa. Akasema, "Ya kwanza... umetupa. Ya pili umetupa." Akacheka kwa upande mmoja. "Miaka thelathini na moja. Barua... haiji uchi."

Nikapiga magoti. Nikasema mama nisamehe, mdogo wangu haandiki kwa sababu yangu, nimekosa juu ya kosa. Akaniacha nilie nimalize. Kisha akasema, na hili alilisema lote bila kutafuta neno hata moja: "Yule huandika mistari mitano. Hizi ni zako. Nilijua toka ya kwanza. Soma tena ile ya mihuri."

Mdogo wangu, nimepata nilichokuwa nakitaka miaka yote, na nimekipata kwa jina lako. Sikufurahi hata nusu ya nilivyodhani. Anaziuliza hizi zangu, lakini bado Jumamosi anaketi pale dirishani. Anakungoja wewe. Mistari mitano tu inatosha. Usiniandikie mimi, mwandikie yeye, nami nitamsomea na bahasha nitampa mkononi.

Dada yako

*

11 Julai

Dada,

Shikamoo naiweka kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, si kwa sababu nimetulia. Sijakusamehe. Nakwambia mapema usije ukaruka mistari kutafuta mahali nilipoandika nimekusamehe. Hapapo.

Barua yako ya Aprili niliisomea stoo nimekaa juu ya maboksi. Nilikuchukia, halafu nikamchukia mama, halafu nikasoma pale aliposema hakutaka ujue amekujua, nikatoka nje. Kila nilipokaa kukuandikia, kalamu ilikuwa inatukana tu. Nikiacha matusi nabaki na kitu kimoja ambacho naona aibu kukisema. Mama alikaribia kufa akimeza vidonge vyangu kwa kunikumbuka, na kuna kijisehemu changu kilichojisikia vizuri kwamba alivichukua vyangu. Kwa hiyo nisikuhukumu sana. Damu yetu ni moja.

Sasa hii ya Juni. Nimeisoma mara nyingi kuliko ile ya Aprili. Mteja wa kikohozi hayupo. Posta iko mbali, sijawahi kupita nyuma yake. Nikitoka kazini naingia chumbani, nachemsha maji, nalala. Ndiyo maana naandika mistari mitano, Dada. Sina ya sita. Miaka saba nimekaa nikimtumia mama vidonge kwa sababu sikujua nimwambie nini, na wewe umekaa kitandani kwako siku moja ukamwambia yote, kwa mdomo wangu, akafumba macho.

Nina wivu naye huyo. Huyo mimi wako anayepita posta akasimama kusikiliza mihuri.

Ruhusa ya Agosti imetoka, wiki mbili, nitafika tarehe tisa. Nitalala chumba cha mama. Dawa nitampa mimi kwa wiki hizo mbili na wewe utakaa mbali na kabati. Bahasha hii mpe mama mkononi aishike kwanza, ina stempu tatu na mhuri umegongwa vizuri, kisha umwambie nakuja.

Na zile barua sita nitumie zote, hata iliyo fupi. Nizisome kabla sijafika, nijue mama anamngoja nani.

Mdogo wako